Uhandisi wa vifaa tiba: maeneo ya utafiti na maswali tunayoulizwa kila mwaka Mwanza

Ikifika Julai, wanafunzi wa vifaa tiba huanza kushuka stendi ya Nyegezi, begi mgongoni, barua ya chuo mkononi. Wanakuja kwa mafunzo ya vitendo, wenyewe wanaita fildi. Wiki ya kwanza wanauliza chumba cha kupanga na bei ya sato. Wiki ya pili swali ni moja: "Mhandisi, utafiti nifanye wa nini?" Haya ni maswali yanayorudi kila msimu, ya wanafunzi na ya wazazi wao. Jambo lililojibiwa kwingine nimelielekeza kwa namba, nisirudie.

## Misingi

1. Mwanangu amepangiwa uhandisi wa vifaa tiba. Atakuwa daktari au fundi?

Daktari hapana, na neno fundi linamtosha nusu tu. Daktari anamhudumia mgonjwa. Mhandisi huyu anahudumia kile kinachosimama kati ya daktari na mgonjwa: mashine ya oksijeni, eksirei, mguu bandia, programu inayosoma mapigo ya moyo. Koti jeupe atalivaa siku nyingine, na siku nyingine utamkuta amelala chini ya meza ya upasuaji na tochi mdomoni.

Jina la Kiswahili limeipunja fani. Ukisema "vifaa tiba" watu wanaona bisibisi na spea. Fani yenyewe inagusa ngozi, mifupa, umeme wa moyo na hesabu ngumu za kompyuta.

2. Maeneo ya utafiti ni yapi hasa?

Vyuo huyagawa kwa namna tofauti, ila utakutana na haya karibu kila mahali: ala za kupimia na sensa (vihisi vya kupimia, si ile ya kuhesabu watu); picha za tiba, yaani eksirei, altrasaundi, CT na MRI (mashine kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili) na hata picha za hadubini; mawimbi ya mwili kama ya moyo na ubongo; biomekanika, yaani mekanika ya mwili, na viungo bandia; malighafi zinazogusa au kukaa ndani ya mwili, pamoja na ukuzaji wa tishu; taarifa za afya na akili mnemba (AI); na uhandisi wa hospitali, unaochunguza jinsi vifaa vinavyonunuliwa, vinavyotunzwa na vinavyokufa.

Mipaka kati ya maeneo haya ni ya kwenye karatasi. Mradi wa kitanda cha watoto njiti una sensa, una joto, una umeme, na una muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye vichanga kumi na wanne. Usijifunge kwenye jina.

3. Nichague eneo tangu mwaka wa kwanza?

Hapana. Shahada ya kwanza ni ya jumla: hisabati, umeme, mekanika, fiziolojia, programu. Eneo linaanza kuonekana kwenye mradi wa mwaka wa mwisho na linakomaa kwenye uzamili. Mwaka wa kwanza jenga mambo mawili ambayo hutayajutia popote utakapoangukia, takwimu na kuandika programu. Wanafunzi waliokwama mikononi mwangu wengi walikwama kwenye takwimu. Umeme haukuwashinda.

4. Kozi hii inasomwa wapi?

Wengi tunaowapokea wanatoka Muhimbili (MUHAS), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha. Ng'ambo ya ziwa kuna Makerere, na Kenya kuna Kenyatta. Kwa uzamili na uzamivu wa kisayansi, Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inafaa kuangaliwa. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako, na kwa diploma ule wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi). Maneno ya kijiweni yaache kijiweni.

## Kuchagua

5. Nitajuaje eneo linalonifaa?

Wengi huanza na jina: "Nataka ukuzaji wa tishu." Nikiuliza kwa nini, naambiwa lina mvuto. Mimi nashauri uanze na hitilafu. Kaa wodini wiki mbili na daftari. Andika kila mara mtu anapoiacha mashine akatumia njia ya mkato: muuguzi anayegusa paji la mtoto kwa sababu haiamini sensa ya joto, fundi aliyezima king'ora kwa gundi ya karatasi, mtaalamu wa maabara anayesogeza hadubini dirishani umeme ukikatika. Hitilafu iliyojirudia mara tatu kwa watu watatu ni swali la utafiti. Ukishalipata, jina la eneo litakuja lenyewe.

Kisha pima mambo matatu. Je, unaweza kufika lilipo tatizo kwa daladala, mara nyingi utakavyo? Je, yupo msimamizi aliyewahi kulifanyia kazi? Je, kuna kipimo cha kuaminika cha kulinganishia matokeo yako? Ukikosa moja, unaweza kusukuma. Ukikosa mawili, badilisha mada ungali na muda.

6. Eneo gani lina ajira?

Kwa hapa nchini, uhandisi wa hospitali (swali la 14) ndio unaowalisha wengi, ukifuatiwa na kampuni zinazouza na kufunga mashine. Taarifa za afya zinakua. Maeneo mengine mara nyingi yanaelekea chuoni au nje ya nchi. Sisemi uyakimbie, nasema uyaingie ukijua.

7. Siwezi kuona damu. Nimepotea njia?

Hujapotea. Nenda kwenye mawimbi, picha au programu. Ila mochwari na chumba cha upasuaji utavipitia angalau mara moja. Kunywa chai kwanza.

## Maeneo yenyewe, kwa macho ya huku ziwani

8. Ala za kupimia na oksijeni: si zimeshabuniwa zote?

Swali hili huulizwa kwa dharau, nami hulijibu kwa kipima oksijeni cha kidoleni. Kifaa hicho kinapitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu wa nanomita 660 na infraredi wa nanomita 940, kisha kinalinganisha kiasi kilichofyonzwa. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi sawasawa, na hapo ndipo asilimia inapopatikana. Lakini melanini ya ngozi nayo inafyonza mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Sasa tembea wodi yoyote ya Kanda ya Ziwa uhesabu vidole. Kifaa kinachokosea kwenye ngozi nyeusi, kwetu kinakosea kwa karibu kila mtu.

Chukua na mashine inayotengeneza oksijeni kitandani. Hewa ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Mashine inaisukuma hewa kwenye punje za zeolaiti, punje zinanasa naitrojeni, na upande wa pili inatoka oksijeni ya asilimia 93 hivi. Zeolaiti inachukia unyevu. Sisi tunaishi ukingoni mwa ziwa, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi likilinganishwa na la Dar es Salaam. Ongeza vumbi la kiangazi, na vile vidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi: nimefungua vichujio vilivyojaa vidudu hadi hewa haipiti. Kitabu cha mashine kinasema safisha kichujio kila baada ya muda fulani, lakini muda huo ulipimwa mahali pengine. Unaopaswa kuwa wa visiwa vyetu vya Ukerewe au Kome ni upi? Hiyo ni tasnifu nzima, na vifaa vyake havigharimu pesa nyingi.

Kwa wanaopenda vichanga: taa za buluu za kutibu manjano huendelea kuwaka buluu hata nguvu yake ikiwa imeshuka. Macho hayawezi kuona tofauti. Kipimo cha bei nafuu cha mwanga huo ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho.

9. Picha za tiba zinanihusu vipi kama sina MRI?

Umesahau kwamba hadubini nayo ni chombo cha picha, na huku tuna kichocho.

Kipimo kinachotumika zaidi kwenye tafiti za kichocho cha tumbo ni Kato-Katz. Kinyesi hupitishwa kwenye chujio, hujazwa kwenye tundu linalobeba miligramu 41.7, hutandazwa kwenye kioo, na mtaalamu huhesabu mayai. Hesabu hiyo huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa kila gramu. Tazama hapo kwa jicho la mhandisi: yai moja likimponyoka mtaalamu aliyechoka, ripoti imekosea kwa 24. Mwenye maambukizi machache anaweza kuambiwa hana kitu, akarudi majini kuosha vyombo. Kamera ya simu juu ya hadubini, taa thabiti, na programu inayotofautisha yai na kiputo cha hewa: kazi ya namna hii imeanza sehemu mbalimbali duniani na bado haijaisha. Faida yako ni kwamba kituo cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) Mwanza kina uzoefu wa miaka mingi na ugonjwa huu, na wavuvi wenyewe wako Igombe na Kayenze, mwendo wa daladala.

Eksirei pia ina nafasi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu ikifunzwa kwa picha za kwingine, je, inaonaje vifua vya wachimbaji wa Geita vyenye vumbi la mawe? Ukienda upande huo, soma swali la 12 na la 16 kabla hujagusa picha hata moja.

10. Nimesikia ngozi ya samaki inatibu majeraha ya moto. Ni kweli?

Ni kweli kwamba Brazili, hasa Fortaleza, madaktari wametumia ngozi ya sato iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu kufunika majeraha ya moto. Ngozi hiyo ina kolajeni nyingi, yaani protini inayoipa ngozi uimara, inashika jeraha, inatunza unyevu na kupunguza ubadilishaji wa bandeji wenye maumivu. Si kweli kwamba unaweza kuchukua ngozi soko la samaki la Mwaloni ukaibandika. Tafadhali, usimfanyie hivyo mtu yeyote.

Hili ndilo eneo ninaloliona tajiri kuliko yote mjini hapa na lisilo na mtu. Viwanda vyetu vinachuna minofu ya sangara kila siku. Mabondo yake yanauzwa ghali hadi Asia, lakini ngozi haina heshima hiyo. Maswali yako wazi: ngozi ya sangara inahimili mvutano kiasi gani ikilinganishwa na ya sato? Njia ipi ya kuua vijidudu haiharibu kolajeni? Samaki wa ghuba yenye maji machafu ana metali gani mwilini? Mashine ya kuvuta na kupima nguvu ya ngozi si ya hospitali tu, watu wa ngozi na viatu wanaijua vizuri, na DIT ina kampasi ya Mwanza yenye asili hiyo hiyo ya ngozi. Mwanafunzi wa vifaa tiba na mwanafunzi wa ngozi wakikaa meza moja, mradi umeshaanza. Hatua ya wanyama na ya wagonjwa ni safari nyingine yenye vibali vyake (swali la 16).

11. Biomekanika ina kazi gani Mwanza?

Kaa mapokezi ya mifupa Jumatatu asubuhi utajibiwa na bodaboda. Mapaja na miundi iliyovunjika ndiyo kazi ya kila siku. Kuna vyuma vya ndani ya mfupa, kama vya shirika la SIGN, vilivyobuniwa ili daktari avifunge kwa skrubu bila eksirei ya chumba cha upasuaji. Wazo hilo, la kubuni kwa ajili ya kisichokuwepo, ndilo somo.

Kwa viungo bandia, chuo cha TATCOT pale Moshi kimefundisha wataalamu tangu 1981. Jiulize kuhusu mguu bandia wa mvuvi: unalowa, unakanyaga mchanga, unaruka kutoka mtumbwini. Mingi imepimwa kwenye sakafu kavu.

12. Akili mnemba peke yake inatosha kuwa mada?

Inatosha kuandika, haitoshi kusaidia. Kila mwaka napokea andiko linalosema mwanafunzi "atatengeneza modeli", lakini halisemi data itatoka wapi wala nani ataweka majibu sahihi ya kuifundishia. Ukijibu hayo mawili, karibu. Mada zenye uzito huku ni selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), ambao Kanda ya Ziwa inaongoza nchini, kifua kikuu, na mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Hilo la mwisho lina mfano wa nyumbani: kifaa kinachoitwa Moyo kimefanyiwa tafiti hapa Tanzania, zikiwemo za hospitali ya Haydom.

13. Droni za dawa ni uhandisi wa vifaa tiba au urubani?

Mwaka 2018 kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengeneza droni Wingcopter walitangaza majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa Ukerewe kwa droni: kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40. Kuruka ni kazi ya wengine, na anga ina mamlaka yake. Kilicho chako ni kilichomo kwenye boksi. Damu inayotikiswa dakika arobaini inabaki salama? Chanjo inakaa kwenye nyuzi ngapi jua la saa nane likiwaka? Na usizitazame droni tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, sampuli kutoka Sengerema hazisubiri tena kivuko, ila za Ukara bado zinasubiri. Kulinganisha njia hizo kwa joto na muda ni utafiti unaofanyika kwa sensa ndogo yenye bei ya milo michache ya mchana.

14. Kutengeneza mashine ni utafiti kweli?

Kutengeneza moja ni kazi. Kuuliza kwa nini ishirini za aina hiyo zinakufa kwa namna moja ni utafiti. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16, ulikuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu ni za kawaida hadi zinachosha: spea, mafunzo, umeme, na misaada iliyokuja bila kuulizwa.

Nimeona kituo kimoja, jina lake nabaki nalo, kikipokea mashine ya kupasha joto vichanga iliyoundwa kwa volti 110. Mtu kwa nia njema akabadilisha plagi, akaichomeka kwenye 230. Harufu ilikaa wodini siku mbili. Kitabu chake kilikuwa ndani ya boksi, kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Nilikaa na hasira mwezi mzima, kisha nikaanza kuandika kila kifaa cha msaada kinachoingia: volti, lugha ya kitabu, spea, mwaka wa kuundwa. Daftari hilo limenifundisha kuliko kozi nilizosoma.

15. Vipi kuhusu ubongo, vinasaba na roboti za upasuaji?

Yapo, na huku vifaa ni vichache. Soma, wasiliana na maabara za nje, omba ufadhili wa uzamili. Kwa ubongo kuna njia moja ya karibu: watoto wenye maji kichwani na mirija ya kuyatoa, ambayo huziba. Kugundua kuziba mapema bila CT ni swali la mekanika ya vimiminika, nalo liko wodini tayari.

## Vibali na mambo ya pembeni

16. Nahitaji kibali gani?

Ukigusa mgonjwa, sampuli yake au taarifa zake, unahitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya chuo au ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, pamoja na ruhusa ya hospitali. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kifaa kipya cha kujaribiwa kwa watu kinapita TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Mionzi ni ya Tume ya Nguvu za Atomu. Picha za wagonjwa zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kufuta jina kwenye faili hakutoshi kama namba ya hospitali imebaki pembeni ya eksirei. Anza mapema. Kibali kikichelewa, muhula haukusubiri.

Njia nyepesi: mradi wa kupima mashine yenyewe, bila mgonjwa, mara nyingi unahitaji ruhusa ya hospitali tu. Muulize msimamizi wako kwanza.

17. Nina diploma. Naruhusiwa kufanya utafiti?

Ndiyo, na mara nyingi unaona hitilafu kabla ya mwenye shahada. Tafuta msimamizi mwenye uzoefu wa kuandika, mgawane kazi, na mkubaliane mapema jina la nani linakaa wapi kwenye chapisho. Wengi wameachwa nje kwa sababu waliona aibu kuuliza.

18. Nimesoma kompyuta au umeme. Naweza kuhamia?

Unaweza, hasa kwenye uzamili. Jipe miezi mitatu ya fiziolojia na wiki chache za kukaa wodini kama swali la 5 linavyosema. Usipofanya hivyo utabuni programu safi inayomtaka muuguzi aguse kioo akiwa amevaa glavu zilizolowa.

19. Nimebuni kifaa, mama yangu mdogo anaumwa. Nimjaribishie?

Hapana. Hata kama amekubali, hata kama ni ndugu wa damu, hata kama kinaonekana hakina madhara. Kijaribu kwenye benchi, kwa vipimo, mbele ya mtu wa pili anayejua kukosoa. Wazo lako unaweza kulilinda kwa kusajili hataza BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), ila fanya hivyo kabla hujalitangaza. Ukishalimwaga hadharani, upya wake umekwenda. Mashindano ya MAKISATU, yale ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ni mahali pazuri pa kuonekana baada ya hapo.

20. Nimefika nusu ya utafiti na mashine niliyoitegemea imekufa. Nianze upya?

Usianze upya. Andika tarehe na saa, hali ya umeme siku hiyo, mara ya mwisho ilipofanyiwa matengenezo, na ilikuwa imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi. Piga picha ya ubao wa saketi kabla fundi hajaugusa. Data uliyokwisha kupata ina mwisho halali, ieleze hivyo kwenye tasnifu na uhesabu ukubwa wa sampuli upya. Kisha mwone msimamizi wiki hiyo hiyo, ukiwa na karatasi mbili: moja ya ulichopata hadi ilipokufa, nyingine ya kilichoiua. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja aliniletea hizo mbili. Tulitetea ya pili.